Rangi Chini ya Bolti

Wenzangu wa gareji,

Siku mliponiaga mlitaka niseme machache. Nilisema aksanti, nikala wali na migebuka, nikarudi nyumbani. Si kwamba sikuwa na la kusema. Anayehutubia kabla ya chakula huchukiwa, na anayehutubia baada ya chakula huongea na waliosinzia. Nimeona afadhali niandike, atakayetaka atasoma, na atakayechoka atafungia karanga.

Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mishahara ya miaka ya Zaire waulizeni baba zenu, nao wakicheka sana muwaache wapumue. Nitawaandikia yale ambayo mikono yangu inayakumbuka hadi leo.

Nilipoanza, gareji ilikuwa nyuma ya bandari, kati ya reli na ziwa. Upande mmoja harufu ya dizeli, upande mwingine harufu ya ndagala zilizoanikwa, na ukirudi nyumbani mke wako hawezi kujua umefanya kazi ya ufundi au ya uvuvi. Fundi mkuu wa umeme alikuwa Papa Mulongoy, mtu wa Moba, mfupi, mpole, asiyependa kelele. Siku ya kwanza alinipa brashi ya waya na rundo la vishikio vya betri vilivyoota ukungu mweupe. Nikasugua. Kesho yake akanipa rundo jingine. Nilisugua mpaka nikaamini nimeandikwa kazi ya kusugua na kila mtu anaona haya kuniambia.

Baadaye likaja lori la bandari lenye taa moja hafifu, ya rangi ya chai. Papa Mulongoy akanipa kipima volti cha mshale, akaketi kwenye ndoo kunitazama. Nikachomoa waya kwenye taa, nikapima ncha yake. Volti kumi na mbili kamili. Nikamwambia kwa furaha kwamba waya ni mzima, mbovu ni taa.

"Mwana," akasema, "umeuliza waya wakati amelala. Muntu akilala hasemi kama anachoka. Rudisha taa, washa, kisha uulize tena."

Nikarudisha taa, nikawasha, nikapima. Mshale ukaanguka hadi tisa. Yeye akainuka, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya waya polepole, kutoka taa kuelekea betri, akafika kwenye kiungo kilichofungwa kwa utepe mweusi, akasimama. Akanishika mkono akauweka pale. Palikuwa na moto.

"Pale panapopata moto, pale njo umeme unaliwa."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Mengine niliyojifunza ni maelezo tu. Alikuwa na jambo jingine moja, nalo aliliimba kila wiki: fundi mvivu hutazama njia ya kwenda tu, akasahau njia ya kurudi. Alinionyesha wapagazi bandarini. Walipanda na magunia kwa ubao mmoja na kushuka mikono mitupu kwa ubao mwingine. Siku moja ubao wa kushukia ulivunjika, wapagazi wakajazana melini bila mzigo begani, na kazi ikasimama ingawa magunia yalikuwa tele. Umeme pia lazima urudi betri. Katika gari haurudi kwa waya, unarudi kupitia chuma cha gari lenyewe, na njia hiyo sisi tunaiita masi. Masi ikiziba, unaweza kununua betri ya ukubwa wa jeneza na bado taa yako itakuwa ya rangi ya chai.

Papa Mulongoy alipochoka alipanda boti akarudi kwao Moba, akaniachia kipima volti chake. Nilijisikia yatima, nami nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Kwa muda mrefu nilipokwama niligeuka kutazama ile ndoo, kama mtu anayemtafuta aliyetoka kidogo tu.

Sasa niwaambie habari za gari lililonifundisha lile ambalo Papa Mulongoy hakunifundisha.

Lilikuwa kombi kuukuu la kulala ndani, lile ambalo Wazungu husafiri nalo kama kobe na nyumba yake. Lilikuwa na kitanda cha kukunja, sinki yenye bomba kavu, mapazia ya maua ya machungwa, na friji ndogo iliyojengewa chini ya meza. Waliokuja nalo walitaka kufika mbali kusini. Barabara zetu ziliwashauri vingine, wakapanda meli kwenda Kigoma na kuliacha kombi kwenye zahanati. Daktari wa zahanati akalikabidhi kwa Mama Feza.

Mama Feza alikuwa muuguzi wa chanjo. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na mwenye subira ya ajabu kwa watoto wanaolia. Kabla ya kombi alikuwa akibeba chanjo za surua katika kisanduku cha barafu, na barafu ilipokwisha naye alirudi. Sasa alikuwa na friji iliyokula umeme wa gari njia nzima. Injini ilipozimwa, alitia ndani vipande vya barafu kutoka kiwanda cha samaki. Aliweza kwenda vijiji vya barabara ya kusini, na pale barabara ilipokufa alipanda mtumbwi hadi Mpala. Alilala ndani ya kombi, akapika mlangoni pake, na akina mama wa vijijini wakamwonea wivu kwa yale mapazia.

Mume wake, Papa Feza, alikuwa mpaka rangi wa meli. Nani hapa bandarini hakumjua? Alikuwa mwembamba, nadhifu, na rangi ya buluu haikutoka kwenye kucha zake hata siku ya harusi ya binti yake. Kutu ilikuwa adui yake, aliizungumzia kama watu wanavyozungumzia jirani mchawi. Alipoona mke wake anaondoka na gari lenye mabaka ya kutu, hakuweza kulala. Akachukua likizo, akalala chini ya lile kombi na makopo yake. Alilipaka kama anavyopaka meli: chini ile rangi nyekundu nzito ya kuzuia kutu, juu nyeupe, na mstari wa buluu ubavuni. Watu walikuja kutazama baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi. Wakaliita meli ya Mama Feza, na jina likabaki.

Nami nilikuwa mmoja wa waliosimama pale na kusifu. Lilipendeza, kwa kweli.

Mwaka huohuo, baada ya mvua, surua ilipita kwenye kijiji kimoja cha kusini. Ilipita kwa watoto ambao Mama Feza alikuwa amekwisha kuwachanja kwa mkono wake. Siyo wote waliopona. Daktari akafikiri sana, akasema chanjo ilifika huko ikiwa imekufa kwa joto. Akamwambia Mama Feza kwa upole, lakini kwa msimamo, kwamba hataruhusu chupa hata moja itoke tena kwa kombi lile mpaka friji iaminike. Na vijiji vile havikuwa na njia nyingine ya kupata chanjo.

Ndipo Mama Feza alipoleta kombi kwangu, msimu wa kiangazi ukiwa unakatika na mvua zikinukia juu ya milima. Mumewe alikuwa naye. Mafundi wengine walikuwa wamekwisha kulishika. Mmoja alibadili betri. Mwingine alivuta waya mpya mnene kutoka betri hadi friji, kazi safi, siwezi kumlaumu. Hakuna kilichobadilika.

"Papa Kalunga," Mama Feza akaniambia, "usinifiche kitu. Kama haitengenezeki, uniambie leo. Mimi sitapiga mutoto sindano ya maji ya bure mara ya pili. Heri niache kazi."

Nikamwambia anipe nafasi, na anichemshie chai, maana mtu aliyesimama akikutazama hukupotezea mshale.

Friji ya namna ile ina ubaya mmoja: haifi. Hutengeneza baridi kwa kupasha moto kidude ndani yake, na ikikosa volti inafanya kazi kwa uvivu tu. Kitaa chake kinawaka, ukiingiza mkono unasikia ubaridi kidogo, unaridhika. Nimefanya kazi na watu wengi wa namna hiyo, na baadhi yenu mnasoma hapa.

Niliwasha injini, nikawasha friji na taa za ndani, ili kila kitu kiwe macho. Betrini nilipata volti kumi na nne. Nyuma, kwenye friji, kumi na moja. Volti tatu zinaonekana kidogo mdomoni, lakini kidude kile cha moto kwa upungufu huo hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake. Basi nilikuwa na mwizi, ikabaki kujua anakaa njia ipi.

Nikapima njia ya kwenda, kutoka betri hadi friji kwa ule waya mpya mnene. Mshale haukuinuka hata kidogo. Nikapima njia ya kurudi, kutoka friji hadi upande hasi wa betri. Mshale ukapanda, ukakaa karibu na tatu. Nikakumbuka ubao uliovunjika bandarini, nikacheka peke yangu.

Nikaingia chini. Waya wa kurudi wa friji ulikuwa unashuka kupitia sakafu na kushikwa kwa bolti moja kwenye chuma cha chasisi. Hadi kwenye bolti, hakuna kilichopotea. Nikataka kupima ng'ambo ya bolti, kwenye chuma chenyewe, nikakandamiza ncha ya kipimo ili itoboe rangi. Miguu ya Papa Feza ikasogea, kisha uso wake ukainama.

"Papa Kalunga, usikwaruze hapo. Kutu itapata mulango."

"Papa Feza, nina haja ya kuona chuma."

"Hautakiona. Kila bolti nilitoa, nikapaka chini yake, nikapaka ndani ya tundu, nikarudisha, nikapaka tena juu. Hata maji ya ziwa nzima hayawezi kuingia."

Aliyasema kwa furaha. Nilifungua bolti ile taratibu. Chini ya kichwa chake kulikuwa na rangi nyekundu, imeenea bila pengo. Kwenye kishikio cha waya, rangi. Ndani ya tundu, rangi. Sijaona tangu hapo bolti iliyopakwa vizuri namna ile. Umeme wote wa friji ulikuwa unarudi kwa kujipenyeza kwenye kijichuma chembamba kama ukucha, mahali ambapo nyuzi za bolti ziliikwaruza rangi wakati wa kukazwa. Niliweka mgongo wa kiganja. Palikuwa na moto.

Nilikaa chini ya gari kwa muda. Nilikuwa nimeshapata jibu, na nikatamani lingekuwa jibu jingine. Ningeweza kupangusa pale, kukaza, kutoka na kusema ilikuwa kutu. Papa Feza angeamini, kwa sababu alipenda kuamini ubaya wa kutu. Lakini angeenda kupaka gari jingine kesho, na Mama Feza angebaki akiuliza mikono yake mwenyewe.

Nikatoka, nikamwonyesha bolti kwenye kiganja changu.

"Ni rangi, Papa," nikasema. "Umeme unarudi betri kwa kupitia chuma. Hapa chuma hakigusani na chuma."

"Kwenye meli tunapaka hivi," akasema. "Siku zote tunapaka hivi. Na taa za meli zinawaka."

"Kwenye meli kila taa ina waya mbili, wa kwenda na wa kurudi. Rangi haiwezi kuzidhuru. Motoka ina moja."

Hakubisha. Alikuwa fundi, na fundi akiambiwa jambo la kweli huliona haraka kuliko anavyotaka. Alichukua bolti, akaigeuzageuza. Nikaona rangi ya uso wake inabadilika.

"Basi ile surua ya kijijini," akasema. "Wale watoto..."

Mama Feza alikuwa amesimama nyuma yetu na birika. Alikuwa amesikia yote. Aliweka birika chini, akaketi kwenye ngazi ya kombi, chini ya yale mapazia ya machungwa.

"Mimi nilisema ni mukono yangu," akasema. "Siku zote hizi. Nilisema nilifungua friji sana. Nilisema labda nililala, nilisahau. Kila nikifunga macho ninafungua ile friji."

Papa Feza alitaka kumshika, mikono yake ikabaki hewani.

"Nilitaka ufike mbali," akamwambia. "Njo maana nilipaka."

"Ninajua." Alimtazama kwa muda mrefu. Sikujua atasema nini, na nilitamani kuwa mahali pengine. Kisha akasema, "Papa Kalunga, mupatie brosi."

Nilimpa brashi ya waya, ile ambayo nilianzia nayo kazi, imebaki na nywele chache kama mimi. Papa Feza akaingia chini mwenyewe. Nilisikia akisugua rangi yake kwa nguvu, na nilisikia pia mengine ambayo mwanamume hapendi kusikika akifanya. Nilienda kuangalia redio ambayo haikuwa na tatizo. Alipotoka, chuma kiling'aa duara dogo kuzunguka tundu. Nikakaza bolti, nikaipaka grisi juu ili kutu isipate mlango, kwa heshima yake. Nikapima. Kwenye friji mshale ulipanda hadi karibu na kumi na nne. Asubuhi iliyofuata, baada ya kuliendesha kombi hadi Lukuga na kurudi, maji kwenye kikombe cha bati ndani ya friji yalikuwa barafu. Daktari alikigonga kikombe kwa kalamu, akaitikia kwa kichwa, akaruhusu chanjo.

Mngedhani kazi imekwisha. Nami nilidhani hivyo. Kwenye gareji gari likipona, mwenyewe huliondoa, nasi tunashika jingine. Lakini Papa Feza alikuja kuniambia kwamba anakwenda kusini na mkewe, katika kijiji kile, na anaomba niende naye.

"Wakina mama watamukatalia Mama Feza," akasema. "Wanasema dawa yake ni mubaya. Mimi njo nitasema."

"Watakuuliza mengi."

"Waulize. Lakini mambo ya umeme sitaweza kueleza. Utanisaidia."

Nilienda na kipima volti chini ya koti. Njiani, kila tulipopumzika, Mama Feza aliweka mkono ndani ya friji, akautoa, akautazama mkono wake, akafunga.

Kijijini walitupokea kwa adabu, wakatupa viti. Akina mama walikuja, wakaketi chini na watoto wao mgongoni, wamewafunga kwa kitenge kwa nguvu. Hakuna aliyefungua. Mama Feza aliwasalimu kwa majina, nao wakaitika, na ikaishia hapo.

Papa Feza akasimama. Nimesikia hotuba nyingi katika miaka ile ya Zaire, watu waliosema saa nzima bila kutulia. Yake ilikuwa fupi.

"Dawa ya Mama Feza haikuwa mubaya. Motoka ilikosa umeme, dawa ikafa njiani. Motoka ilikosa umeme kwa sababu mimi nilipaka rangi mahali haipakwi. Yeye hakujua. Mimi pia sikujua. Lakini ni mimi. Nimekuja mujue ni mimi."

Mwanamke mmoja akainuka. Jina lake Nyota, nililijua baadaye. Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja wa wale ambao hawakupona, na sasa alikuwa na msichana mdogo mgongoni. Akamkabidhi mtoto kwa jirani yake, akamwendea Papa Feza.

"Unionyeshe."

Papa Feza alinitazama. Nikatandika gunia chini ya kombi. Nyota akalala chali, akajisogeza chini kama fundi, nami nikaingia kutoka upande wa pili kumwonyesha. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza njia ya kwenda na njia ya kurudi, wapagazi, ubao, yote. Nilinyoosha kidole tu. Bolti ilikuwa pale na duara lake la chuma kinachong'aa, katikati ya ule wekundu wote mzuri. Aliigusa. Aliacha kidole juu yake.

"Kadogo hivi?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Kadogo hivi."

Alikaa pale chini, machozi yakimshuka kuelekea masikioni, na mimi nikalia pamoja naye, na sioni haya kuwaandikia. Huko nje hakuna aliyetuita.

Nimekaza bolti nyingi baada ya hiyo. Mlinicheka niliposugua chuma kilichokuwa tayari kinang'aa, mkasema mzee ana wasiwasi. Papa Feza naye, mpaka alipofariki, hakupaka gari la mtu bila kupita kwangu kwanza na kuuliza wapi asipake. Tulitia alama kwa chaki, yeye na mimi, tukiwa tumechuchumaa kama watu wanaotafuta sindano.

Siku ile Nyota alitoka chini ya kombi na vumbi mgongoni, hakujipangusa. Alimchukua mtoto wake kwa jirani, akafungua kitenge, akaenda hadi kwa Mama Feza aliyekuwa ameketi na sindano zake, akamwekea mtoto mapajani.

"Muchome," akasema. "Lakini huyu papa amushike mukono."

Papa Feza akapiga magoti vumbini. Akaushika mkono ule mdogo kwa vidole vyake vyenye rangi ya buluu, akaushika vizuri usitikisike, na Mama Feza akachoma. Nyuma ya Nyota, akina mama wengine walianza kufungua vitenge.